Habari za Rovu na Dawa ya Tezi ya Shingo

Watu wakisikia neno historia, aghalabu hufikiri habari za wafalme, vita na misafara. Lakini mwili wa mwanadamu nao una historia yake, na dawa tumezazo zina historia zao. Leo nitawasimulia habari za kiungo kidogo kilichomo shingoni, za uvimbe uitwao rovu, na za kidonge kidogo ambacho watu wengi huanza kukimeza baada ya kupimwa damu.

Sababu ya kuchagua habari hizi ni hii. Siku hizi mtu akienda hospitali kwa kuchoka kusikokwisha, hutolewa damu kidogo, kisha baada ya siku kadhaa huambiwa: “Kipimo chako si cha kawaida. Utaanza kumeza dawa ya tezi ya shingo kila siku.” Basi mtu huyo hurudi nyumbani na mashaka mengi. Hujiuliza, “Shingo yangu haikuvimba, ugonjwa huu umetoka wapi?” Jirani humwambia ya kuwa amerogwa. Mwingine humwambia ale chumvi nyingi, yatosha. Wengine huificha karatasi sandukuni wasimwambie mtu, na wengine humeza dawa miezi miwili, wakapata nafuu, wakaacha. Jawabu la mashaka hayo halimo katika karatasi ile yenye tarakimu. Limo katika historia yake, nayo ndiyo nitakayoieleza.

Kwanza tukijue kiungo chenyewe. Tezi ya shingo imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Ina mabawa mawili, mfano wa kipepeo aliyetua, na kwa mtu mzima uzito wake wapata gramu 20 tu. Kazi yake ni kutengeneza kitu ambacho wataalamu hukiita homoni, na kukitia katika damu. Homoni hiyo husafiri mwili mzima, ikiamuru kila kiungo kifanye kazi kwa kasi ipasayo. Mfano wake ni moto wa jikoni. Moto ukiwa hafifu, ugali hauivi. Ukizidi, chakula huungua.

Homoni ikipungua, mtu huona baridi wakati wenzake wanaona joto. Huchoka, husinzia, ngozi yake hukauka, sauti huwa nzito, choo huwa kigumu, uso hujaa, moyo huenda polepole, na mawazo nayo huwa mazito. Homoni ikizidi, mambo hugeuka: mtu hutoka jasho, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, naye hukonda hata akila sana. Hali ya kwanza ndiyo hasa tutakayoieleza leo.

Tezi hii haiwezi kutengeneza homoni yake bila kupata madini fulani yaitwayo iodini, ambayo sisi katika Tanzania tumezoea kuyaita madini joto. Kiasi chake ni kidogo mno. Kiasi chote atakachohitaji mtu tangu kuzaliwa hata uzee hakizidi kijiko kimoja cha chai. Lakini hawezi kukila siku moja akamaliza. Sharti akipate kidogo kidogo kila siku. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na katika jambo hili walisema kweli tupu.

Basi, kwa nini kitu kidogo namna hiyo kiwapungukie watu? Wenyeji wa Kilosa hawahitaji kufundishwa nguvu ya maji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 walishuhudia mto Mkondoa ukifurika, ukivunja nyumba na kuikata reli. Mvua hiyohiyo ishukayo kutoka milimani, mwaka baada ya mwaka kwa maelfu ya miaka, huosha udongo na kuyachukua madini joto, ikayapeleka baharini. Ndiyo maana samaki wa baharini na mwani huwa nayo mengi, na mashamba ya milimani huwa na upungufu. Mahindi yaliyoota katika udongo usiokuwa nayo hayana ya kumpa mlaji. Tezi ikiyakosa madini hayo hujitahidi, ikajitanua ili inase hata chembe ndogo ipitayo katika damu. Kujitanua huko ndiko rovu. Uvimbe ule si laana wala si kazi ya mchawi; ni kiungo kinachotafuta chakula chake.

Sasa tuingie katika historia. Tangu zamani za kale Wachina waliwapa wenye rovu mwani wa baharini, nao wengine walipata nafuu, ingawa hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akitengeneza shura ya baruti kwa majivu ya mwani. Alipotia asidi nyingi kupita kiasi, aliona mvuke wa rangi ya zambarau ukipanda. Hivyo iodini ikajulikana. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva, katika Uswisi, akaanza kuwapa wenye rovu iodini yenyewe. Wengi walipona, lakini wengine mioyo yao ilianza kwenda mbio wakakonda, hata watu wakaiogopa dawa hiyo. Hapo historia ilitoa somo lake la kwanza: kitu kimoja huwa dawa kikiwa kwa kipimo, huwa sumu kikipita kipimo.

Somo la pili lilipatikana kwa uchungu. Katika mji wa Bern, huko huko Uswisi, palikuwa na mpasuaji hodari aitwaye Theodor Kocher. Aliwapasua watu wengi wenye rovu na kuiondoa tezi yote, naye alikuwa na mkono mwepesi kiasi ambacho wagonjwa wake wachache sana walikufa. Lakini alipowaita tena baada ya miaka kadhaa ili awatazame, aliona jambo la kusikitisha. Wengi wa wale ambao hakuwaachia hata kipande cha tezi walikuwa wamevimba nyuso, wamepoa miili, wamekuwa wazito wa kusema na wa kufikiri. Mwaka 1883 Kocher aliyatangaza mambo hayo mbele ya madaktari wenzake bila kuficha, akaacha kuiondoa tezi nzima. Kwa kazi yake juu ya tezi hii alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1909. Tangu hapo watu walijua ya kuwa tezi ya shingo si nyama ya bure. Asiyekuwa nayo hudhoofika mwili na akili pamoja.

Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1873, daktari William Gull wa London alikuwa ameeleza habari za wanawake watu wazima waliopatwa na hali kama ile, ingawa hakuna aliyewapasua. Tezi zao zilikuwa zimekwisha nguvu zenyewe. Wala shingo zao hazikuwa na rovu. Nawaomba mlishike neno hilo, kwa maana litajibu swali la mgonjwa wetu: tezi yaweza kufa polepole bila kuvimba kamwe.

Dawa ilikuja mwaka 1891. Katika mji wa Newcastle, Uingereza, daktari kijana George Murray alikuwa na mgonjwa, mwanamke mwenye umri wa miaka 46, aliyekuwa katika hali hiyo ya ubaridi na uzito. Murray alifikiri hivi: ikiwa mgonjwa amekosa kitu kitengenezwacho na tezi, basi apewe kitu hicho kutoka kwa mnyama. Akachukua tezi ya kondoo aliyechinjwa karibuni, akaikatakata, akatoa maji yake, akamdunga mgonjwa kwa sindano. Hazikupita wiki nyingi uso wake ukapungua uvimbe, sauti ikarudi, akatembea na kusema kama watu wengine. Muda si mrefu madaktari waligundua ya kuwa hata sindano haihitajiki. Dawa ikimezwa yatosha.

Mwanamke yule aliendelea kutumia dawa hiyo mpaka mwisho wa maisha yake. Aliishi miaka 28 zaidi, akafariki mwaka 1919 akiwa na umri wa miaka 74. Murray alipofanya hesabu aliona ya kuwa dawa yake ya miaka ile yote ilitoka katika kondoo zaidi ya 870. Angalieni, basi. Mwanamke yule hakuponywa kwa maana ya kumaliza dawa na kuagana na daktari. Tezi yake haikufufuka. Alipewa kila siku kile ambacho tezi yake haikuweza kumpa, naye akaishi kama mtu mzima wa afya. Hilo ndilo somo la tatu, nalo ni kubwa kuliko yote.

Wataalamu hawakuridhika na maji ya tezi za kondoo, kwa sababu siku moja yalikuwa makali na siku nyingine hafifu. Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann aligundua ya kuwa ndani ya tezi mna iodini, akaunganisha habari ya tezi na habari ya mwani. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914 Mmarekani Edward Kendall alifaulu kuitenga homoni yenyewe, ikiwa safi, ambayo baadaye iliitwa thairoksini. Kazi hiyo ilikuwa ngumu mno: kwa tani 3 hivi za tezi za nguruwe alipata gramu 33 tu. Mwaka 1926 Charles Harington wa London alieleza jinsi homoni hiyo ilivyoundwa, na mwaka uliofuata yeye na George Barger wakaitengeneza wenyewe bila mnyama yeyote. Kwa njia hiyo zikapatikana baadaye tembe tunazoziona leo, ziitwazo levothairoksini. Yaliyomo ndani yake ni homoni ileile ambayo tezi ya mtu mwenye afya huitengeneza. Si kitu kigeni mwilini.

Wakati huohuo wengine waliuliza swali jingine: kwa nini tungoje mpaka watu wavimbe? Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Akron, Marekani, David Marine na mwenzake Kimball waliwapa iodini wasichana wa shule wapatao 2,000. Kati yao watano tu ndio waliotokwa na rovu. Katika wengine zaidi ya 2,000 ambao hawakupewa, karibu 500 walipatwa. Mwaka 1922 Waswisi wakaanza kuitia iodini katika chumvi ya kula, na mwaka 1924 jimbo la Michigan la Marekani likafuata. Waliichagua chumvi kwa sababu kila mtu huila, tajiri na maskini, tena huila kila siku na kwa kiasi kisichobadilika sana.

Sasa turudi kwetu, na hapa watu wa Kilosa wana sehemu yao. Mwaka 1928 katika mji wa Kilosa alizaliwa mtoto wa daktari mmoja wa serikali ya wakati ule, jina lake Michael Latham. Mtoto huyo alipokua alisomea udaktari huko Dublin, akarudi Tanganyika katika miaka ya 1950 akawatibu watu, hata akawekwa kuwa mkuu wa kitengo cha lishe cha Wizara ya Afya katika miaka ya kwanza ya Uhuru. Alikwenda katika milima ya Ukinga, kusini, akawachunguza watu, akakuta marovu mengi mno. Mwaka 1965 aliichapisha taarifa yake. Baadaye alifundisha mambo ya lishe katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2011. Basi mmoja wa watu waliofumbua macho ya wengine kuhusu rovu la nyanda zetu za juu alizaliwa kando ya reli yetu ya Kati.

Mwaka 1973 nchi yetu iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Katika miaka ya 1980 wataalamu wake waliwapima watoto wa shule katika wilaya nyingi, wakaona ya kuwa kwa wastani mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa na rovu, na katika wilaya zilizozidiwa zaidi ya nusu ya watoto walikuwa nalo. Hata hivyo uvimbe ulikuwa sehemu ndogo ya hasara. Mama mjamzito akikosa madini joto, mtoto aliye tumboni hukosa homoni ya kujengea ubongo wake. Huweza kuzaliwa bubu, au mdumavu, au mzito wa akili kwa maisha yake yote. Jambo hili lilithibitishwa huko Papua New Guinea, ambako kuanzia mwaka 1966 baadhi ya akina mama walidungwa mafuta yenye iodini na wengine hawakudungwa. Watoto walioharibika namna hiyo walionekana zaidi kwa wale wasiodungwa. Na katika wachache walioonekana kwa waliodungwa, karibu wote mama zao walikuwa wamekwisha kushika mimba kabla ya sindano. Yaani dawa ilichelewa kufika.

Kwa hiyo kuanzia katikati ya miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizozidiwa waligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini. Na katika miaka ya 1990 Serikali iliweka kanuni ya kwamba chumvi yote ya kuliwa itiwe madini joto. Chumvi yetu hutoka sehemu mbili kubwa: pwani, ambako maji ya bahari huanikwa juani, na Uvinza, ambako maji ya chumvi hububujika ardhini nayo yametumiwa tangu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Zamani ilichukuliwa vichwani na wapagazi. Baadaye ikasafiri kwa reli hiihii ipitayo Kilosa. Mtu asidhani ya kuwa chumvi ya pwani inatosha yenyewe kwa kuwa imetoka baharini. Katika kuanikwa haibaki na madini joto ya kutosha, sharti yatiwe. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha ya kuwa zaidi ya nyumba 8 katika kila 10 zilikuwa na chumvi yenye madini hayo, na rovu kwa watoto wa shule lilikuwa limeshuka kutoka asilimia 25 hadi asilimia 7 hivi. Huu ni ushindi ambao haukupigiwa mizinga, wala hauna sanamu mjini.

Labda mtu atauliza, “Ikiwa chumvi imeshinda, kwa nini bado watu wanapewa vidonge?” Ni kwa sababu tezi ina maradhi mengine yasiyotokana na upungufu wa madini joto. Mwaka 1912 Mjapani Hakaru Hashimoto alieleza habari za tezi zilizojaa chembe nyeupe za damu. Mwaka 1956 wataalamu wa London walitambua sababu: askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wamekosea wakaishambulia tezi ya mwenyewe. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Wengine tezi yao huwa imepasuliwa, na wachache huzaliwa bila tezi iliyo kamili. Watu wa namna hii hata wakila chumvi nzuri namna gani, hawawezi kusaidika kwayo. Mwenye shamba asiyekuwa na jembe hufaidika akipewa jembe. Lakini aliyevunjika mkono hata umpe majembe kumi hatalima. Tena chumvi ikizidi huleta madhara ya moyo na ya mishipa ya damu.

Imebaki habari ya kipimo cha damu. Zamani daktari alitazama uso, akapapasa shingo, akakisia. Mgonjwa aligunduliwa baada ya kuharibika sana. Mwaka 1959, huko New York, Solomon Berson na bibi Rosalyn Yalow walitangaza njia ya kupima homoni iliyo kidogo mno katika damu, kwa kutumia mionzi. Kwanza walipima insulini. Katika miaka ya 1960 wengine wakaitumia njia hiyo kwa homoni zihusuzo tezi ya shingo. Bibi Yalow alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1977. Mwenzake alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1972.

Katika karatasi ya kipimo mtaona herufi TSH. Herufi hizi huwachanganya watu, maana tarakimu yake ikiwa kubwa, mara nyingi tezi ndiyo dhaifu. Nitawaeleza kwa mfano. Chini ya ubongo mna tezi nyingine, ndogo kama punje ya kunde, nayo ni kama mpiga mbiu wa kijiji. Kazi yake ni kuiita tezi ya shingo ifanye kazi. Watu wakiitika upesi, mpiga mbiu husema kwa sauti ya chini. Wasipoitika, hupaza sauti. Wakizidi kukaa kimya, hupiga kelele. TSH ndiyo sauti yake. Ikiwa juu, maana yake aitwaye haitiki vema. Ikiwa chini sana, mara nyingi maana yake tezi inafanya kazi kupita kiasi, nayo hiyo ina dawa zake nyingine. Sauti hiyo hupanda mapema, kabla uso haujajaa na kabla shingo haijavimba. Basi kipimo husikia kilio ambacho jicho haliwezi kukiona.

Tena daktari mwenye busara hatazami tarakimu moja tu. Hutazama pia homoni ya tezi yenyewe, iandikwayo T4, na hali ya mgonjwa. Ikiwa TSH imepanda kidogo tu na T4 ni nzuri, huenda akasema kipimo kirudiwe baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuanza dawa. Lakini mjamzito hangojeshwi hivyo, kwa sababu ya ubongo wa mtoto.

Mtu aliyeambiwa aanze dawa yafaa ashike mambo machache. Kidonge humezwa mara moja kwa siku, kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai na kifungua kinywa. Vidonge vya kuongeza damu na vya chokaa vitengwe nacho kwa saa nne, kwa maana huizuia dawa isiingie mwilini. Nafuu haiji kesho yake. Huja polepole kwa wiki kadhaa, na kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane ili daktari aongeze au apunguze. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzishwa kwa kiasi kidogo. Mwanamke akijua ni mjamzito aende hospitali mara moja, maana mara nyingi huhitaji dawa zaidi. Wala mtu asimgawie jirani kidonge chake ili apungue mwili. Moyo wa jirani waweza kudhurika.

Nanyi mlio walimu, mkimwona mtoto aliyekuwa mwepesi akawa mzito, hakui kama wenzake, husinzia darasani na kujikunyata kwa baridi, msikimbilie fimbo. Waiteni wazazi wake, mwashauri wampeleke akapimwe. Uvivu wa mtoto huenda usiwe uvivu.

Kwa mgonjwa nasema hivi. Ukipata nafuu, usidhani ya kuwa dawa imekwisha kazi. Nafuu hiyo ndiyo kazi yake. Hakuna mtu asemaye, “Nimeshiba jana, basi sitakula tena.” Kumeza kidonge kila siku si alama ya kwamba wewe ni mgonjwa wa kukatiwa tamaa. Mwanamke wa Newcastle alihitaji kondoo mia nane na zaidi ili aishi miaka yake 28. Wewe kitu kilekile umewekewa katika kidonge kilicho kidogo kuliko punje ya mahindi. Wala usiifiche karatasi yako sandukuni, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Mwonyeshe mwenzio wa nyumbani, mwelezane, mkumbushane kila asubuhi. Na chumvi ya nyumbani iwe ile iliyotiwa madini joto, ikafunikwe vema, isiachwe juani wala penye unyevu, ili watoto wenu na wajukuu wenu wasihitaji kuisoma historia ya rovu katika shingo zao wenyewe.